Siku Mama Mkubwa Hakuitika

Mama Mkubwa hakuwa mtu wa sheria nyingi. Alikuwa nazo tatu au nne, na moja kati ya hizo ndiyo ninayoibeba hadi leo. Ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Nyamaza, endelea na shughuli yako. Mwenye haja na wewe atakuja mpaka mbele ya macho yako.

Alinifundisha hivyo nikiwa na miaka sita au saba, kijijini kwetu Ihanja, siku niliyorudi kuokota kuni kwenye majabali nikamweleza kwamba kuna mtu aliniita jina langu nikaitika, kisha nikatazama huku na huku nisione mtu. Hakunipiga. Alinikalisha kwenye kigoda, akaninawisha uso na masikio, akaniambia sheria ile kwa Kinyaturu, maana nyumbani kwetu mambo mazito hayakusemwa kwa Kiswahili. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha dukani na cha karani wa pamba. Nilimwuliza kama aliyeniita alikuwa ni jini. Akasema yeye hajui alikuwa nani na hataki kumjua.

Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na yeye akanichukua juu ya watoto wake watatu wa kiume, akanilea kama wa tumbo lake. Wale kaka zangu walipokuwa wakubwa walihamia Mitundu kutafuta mashamba, akabaki na mimi, mtama, alizeti na kuku wake. Kuku ndio walionisomesha. Kila muhula nilipoondoka kwenda shule, tenga moja lilikuwa limeshaondoka kwa basi kabla yangu.

Nikasoma, nikawa mtaalamu wa mionzi. Watu wa kwetu wakiniuliza kazi yangu ni nini nilikuwa nawaambia nawapiga wagonjwa picha, kwa sababu hilo walilielewa. Ukweli ni kwamba sikuwa napiga picha. Nilikuwa naendesha mashine ya kobalti, ile inayotibu saratani. Ndani ya kichwa cha mashine hiyo kuna kidonge cha chuma kidogo tu, kisichozidi ncha ya kidole, kimefungiwa ndani ya madini mazito ya risasi. Ukibonyeza kitufe, hewa iliyobanwa inakisukuma mpaka kwenye dirisha dogo la mashine, mionzi inamfikia mgonjwa pale palipo na ugonjwa. Muda ukiisha, kinarudishwa ndani. Mashine unaweza kuizima kama unavyozima redio. Kidonge hakizimiki. Kinafichwa tu, na kazi yangu yote ilikuwa kuhakikisha kimefichwa kabla mtu hajaingia chumbani.

Hospitali sitaitaja. Ilikuwa mbali na Singida, safari ya basi mpaka Manyoni kisha treni usiku kucha, na waliokuwepo wanajua ni ipi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa na nchi ikajaa vitu. Nilipokuwa msichana tulipanga foleni ya sabuni. Sasa hata Ihanja kulikuwa na duka lenye sabuni za aina nne, betri, viatu vya plastiki na nguo za mitumba zinazonuka dawa. Mjini ndio usiseme. Ungeweza kupata televisheni, pafyumu, soda ya makopo kutoka nchi ambazo hata majina yake huwezi kuyatamka. Kitu ambacho hukuweza kukipata ni kipuri cha mashine yetu. Hakuna mfanyabiashara anayeagiza kipuri cha mashine iliyo moja tu nchi nzima, na serikali nayo ilikuwa imeshaanza kutuambia tujitegemee. Mimi nilikuwa na hasira na hilo jambo tangu mwanzo, na wenzangu walinizoea.

Nilikwenda likizo mwaka mmoja, wakati wa kuvuna alizeti, nikamkuta Mama Mkubwa amekonda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti yake ile ile, lakini alipoinuka kunipokea begi niliona ameshika kiuno. Alikuwa anatoka damu. Alikuwa ameacha kuona siku zake miaka mingi, na sasa damu imerudi, na kwa muda mrefu alikuwa ameificha kwa vitambaa na aibu. Mimi, ninayeshinda na wanawake wenye ugonjwa huo huo kutoka asubuhi mpaka jioni, nilikuwa sijamwuliza hata kwa barua. Nilimpeleka mjini Singida, daktari akampima, akaandika karatasi. Sikuhitaji kuisoma. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na bado kulikuwa na nafasi ya kuitibu, kama angeanza upesi na asikatishe.

Neno hilo la mwisho ndilo lililokuwa la maana. Tiba ya mionzi ni kama kupalilia. Unakwenda kila siku kidogo kidogo mpaka shamba liishe, na ukiliacha katikati, magugu yanarudi na nguvu zaidi. Yeye alipangiwa siku ishirini na tano. Nilimweleza hivyo ndani ya basi, akasema siku ishirini na tano si nyingi, yeye amewahi kukaa na ujauzito miezi kumi.

Alikubali matibabu kwa sharti moja. Hakuna mwanamume wa kumfunua. Wenzangu wa zamu walikuwa wanaume, tena mmoja, mkubwa wangu wa kazi, alikuwa mtu mzima mwenye adabu kuliko mimi. Haikusaidia. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemlaza kitandani kila siku, mimi niliyempanga chini ya mwanga wa mashine, mimi niliyemfunika khanga alipomaliza. Mara ya kwanza tuliona haya wote wawili, mimi nikatazama ukuta na yeye akatazama dari. Halafu akasema kwamba yeye aliniogesha miaka yote ile na hakuwahi kutazama ukuta, basi tukacheka, ikaisha.

Tatizo lilikuwa jingine. Ukishampanga mgonjwa unatoka nje, unafunga mlango mzito, unabaki unamwona kwenye televisheni ndogo ya rangi ya kijivu na kuzungumza naye kwa kipaza sauti. Mgonjwa anatakiwa asitikisike. Sasa Mama Mkubwa, kila nilipomwambia kwa kipaza sauti kwamba tunaanza, alikuwa anainua kichwa, anageukia ukuta sauti inakotoka, anaitikia kwa heshima yote. Ukimwambia mama usigeuke, anageuka ili akujibu kwamba hatageuka. Siku ya kwanza nilisimamisha mashine mara mbili. Siku ya pili mara tatu. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa anajizuia kucheka na mimi nilikuwa nakaribia kulia, kwa sababu akigeuka, mionzi inachoma mahali pasipostahili.

Siku ya tatu nikapata wazo. Nilimwinamia pale kitandani nikamwambia kwa Kinyaturu: Mama Mkubwa, ile sauti ya ukutani usiihesabu. Ni sauti ya mtu usiyemwona. Fanya kama ulivyonifundisha. Hata ikikuita, hata ikiwa ni sauti yangu, usiitike wala usitikisike mpaka unione nimesimama mbele yako.

Alinitazama kidogo, akasema, "Hapo umesema jambo ninalolielewa."

Tangu siku hiyo alilala kama gogo. Hakuna mgonjwa aliyetulia vile. Alikuwa anafumba macho, anakunja mikono kifuani, na hata kifua chake huwezi kuona kikipanda. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa anawaonyesha wanafunzi kwenye televisheni, anawaambia tazameni, mama anatoka Singida huyu. Mimi nilivimba kichwa. Nilijiona nina akili ya pekee, kwamba nimechukua jambo la kwetu nikalitumia pale ambapo vitabu vya watu vimeshindwa. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikujiuliza, itakuwaje siku ile sauti ya ukutani itakapokuwa na haja naye kweli.

Kwa sababu siku hiyo ipo kwenye mafunzo. Tulifundishwa wote. Muda ukiisha na taa ikabaki nyekundu, maana yake kidonge hakijarudi nyumbani kwake. Bonyeza kitufe cha dharura. Kama taa bado nyekundu, mwambie mgonjwa kwa kipaza sauti ainuke atoke mwenyewe, maana kila sekunde anayokaa pale ni mionzi ya ziada. Asipoweza kutoka, ingia, lakini usiingie peke yako bila mtu wa nje anayehesabu muda. Pita nyuma ya mashine kando ya ukuta, usikatize mbele ya dirisha. Mtoe mgonjwa kwanza, mashine baadaye. Funga mlango, andika saa, bandika onyo, mwite mwanafizikia, msimamizi wa vipimo vya mionzi. Nilikuwa najua yote kwa moyo kama sala. Na ukutani kulikuwa na fimbo ya chuma ya kusukumia kidonge kirudi ndani kwa mkono, imening'inia pale miaka mingi, ina vumbi.

Kitu cha pili nitakisema bila kujitetea. Mashine ilitupa taarifa. Siku ya Mama Mkubwa ya kumi au ya kumi na moja, muda ulipoisha, taa nyekundu ilikawia kidogo kabla ya kugeuka kijani. Kama muda wa kuvuta pumzi. Kesho yake ikakawia tena. Nilimwambia fundi wetu, naye akaniambia anajua, ni mpira. Mpira wa mwanzo, ule unaozuia hewa isivuje kwenye njia ya kidonge, ulikuwa umekwisha kabla Mama Mkubwa hajaja, na wa kubadilisha haukuwepo. Fundi, kijana mwenye mikono ya ajabu, alikuwa ametafuta kwenye maduka ya vipuri vya malori akapata mpira wa breki unaolingana, akaukata kwa wembe, ukakaa. Tulimpigia makofi siku hiyo. Wagonjwa arobaini walikuwa wanangoja kwenye benchi na yeye akaiamsha mashine kwa mpira wa breki.

Kuna daftari la hitilafu. Taa ikikawia, inaandikwa mle, na mwanafizikia akilisoma anafunga mashine mpaka itazamwe. Ndiyo kanuni, na ni kanuni nzuri. Nililishika daftari lile. Nilikuwa na kalamu mkononi. Nikafikiria: nikiandika, mashine inafungwa, labda wiki, labda mbili, na Mama Mkubwa amebakiza siku kumi na nne. Asikatishe, ndivyo tulivyoambiwa. Nikalifunga daftari nikalirudisha mahali pake. Sikuandika siku ile, wala iliyofuata, wala iliyofuata hiyo.

Siku ya kumi na saba ilikuwa Jumanne, asubuhi, kama saa nne. Alikuwa mchangamfu. Alinisimulia wakati nampanga kwamba mama wa kitanda cha jirani anatoka Iguguno, na wamegundua wana shemeji mmoja. Nikamwambia haya, lala sasa. Akafumba macho, akakunja mikono. Nikatoka, nikafunga mlango, nikabonyeza.

Muda ukaisha. Taa nyekundu. Nikahesabu moja, mbili, kama ilivyozoea. Nyekundu. Mkubwa wangu wa kazi, aliyekuwa anaandika mezani, aliinua kichwa. Nilibonyeza kitufe cha dharura, nikasikia hewa ikifoka ndani ya mashine na kukwama. Taa ikabaki vile vile. Kengele ndogo ya kipima mionzi mlangoni ilikuwa inalia, na sauti yake naisikia hata sasa ninapoandika.

Nikashika kipaza sauti. "Mama Mkubwa, inuka. Inuka utoke."

Kwenye televisheni hakutikisika.

Nikasema tena, kwa Kinyaturu, na kwa sauti kubwa. Inuka, ni mimi, njoo mlangoni. Kifua chake hakikuonekana kupanda. Nikaita mara ya tatu, na hapo ndipo nilipojua nilichokifanya. Aliyemfundisha asinisikie ni mimi.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa ameshachukua saa ya kuhesabia. Akaniambia nikae, ataingia yeye. Nikamwambia hatatoka na wewe. Aliniangalia nusu sekunde, akaelewa, akaanza kuhesabu kwa sauti, na mimi nikafungua mlango. Nilipita kando ya ukuta, nyuma ya kichwa cha mashine, kama nilivyofundishwa, nikatokea ubavuni mwake nikasimama mbele ya uso wake. Nikamshika mkono. Alifumbua macho. Aliponiona tu, akainuka mara moja, bila kuuliza, kama mtu anayeamshwa na ndugu yake. Halafu akageuka kuchukua khanga iliyoanguka chini ya mashine, maana hangetoka mbele ya wanaume vile alivyokuwa.

Nilimvuta. Mama aliyenilea, niliyemwamkia kwa kupiga goti maisha yangu yote, nilimpiga kofi mkononi nikamburuta kwa kiwiko kama mwizi, na akatoka kwenye korido amejifunika kwa mikono yake. Mkubwa wangu wa kazi alivua koti lake jeupe akampa huku amegeukia ukuta. Akafunga mlango. Akaandika saa. Akabandika onyo. Alifanya kila kitu kwa mpangilio, na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni.

Mimi nilikaa mle ndani sekunde zisizofika ishirini. Beji yangu ya kupimia mionzi ilipokaguliwa ilionyesha kiasi kidogo, cha kuandika na kusahau. Yeye alikaa karibu dakika tatu zaidi ya alizopangiwa, na kati ya hizo, zaidi ya mbili nilizitumia kumwita na kumngoja ainuke. Mwanafizikia alipiga hesabu jioni, akasema si jambo zuri, ila linaweza kurekebishwa, tutampunguzia siku zinazofuata. Nataka hili lieleweke, kwa sababu kijijini walisema mengine. Dakika zile tatu hazikumwua Mama Mkubwa. Kilichomwua ni kwamba siku zinazofuata hazikuwepo.

Walipofungua mashine, baada ya mwanafizikia na fundi kukisukuma kidonge kwa ile fimbo ya vumbi, walikuta mpira wa breki umevimba kwa joto na mafuta. Ulikuwa unakibana kidonge kila siku kidogo, unakwaruza njia yake, mpaka njia ikapinda. Fundi alikaa na ule mpira mkononi, anaugeuza. Baadaye mwanafizikia alituuliza kama kulikuwa na dalili zozote, taa kukawia labda. Nikasema ndiyo, wiki nzima. Akauliza mbona daftarini hakuna. Akaniambia kwamba kama mpira ule ungeondolewa siku ile ya kwanza ingekuwa kazi ya siku chache. Sasa njia nzima mpya lazima itoke ng'ambo. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Ilichukua miezi saba. Wagonjwa walirudishwa makwao, wote wale arobaini na wengine waliokuwa njiani hawajui. Wale nao walikuwa mama wakubwa wa watu. Nilisimama mbele ya benchi moja baada ya jingine nikiwaeleza, na mama wa Iguguno alinishukuru kwa kumhudumia vizuri.

Mama Mkubwa nilimsindikiza mpaka kituo cha treni. Njia nzima hakusema kitu kuhusu siku ile. Alinisihi tu nile vizuri. Alibeba koti jeupe la mkubwa wangu wa kazi, amelifua na kulikunja, akanipa nimrudishie na salamu.

Huko Ihanja, habari zilivyonifikia, mambo yalikuwa mabaya kuliko nilivyotazamia. Mtu alikuwa ameshasimulia kwamba mashine ilimkwamia na moto wake umebaki mwilini. Wanawake aliopika nao misibani miaka thelathini wakaacha kukalia kigoda chake. Mtoto akiingia uani kwake anaitwa arudi. Hata kuku wake hawakununuliwa, walisema nyama yao itakuwa na mionzi. Kaka zangu walikuja kutoka Mitundu, wakasimama mbali, wakaacha gunia la mahindi, wakaondoka. Nilimwandikia barua mwenyekiti wa kijiji, ndefu, yenye hasira, nikaeleza kwamba mionzi ikishapita haikai kwa mtu, ni kama jua, ukiingia ndani hubebi jua. Sijui kama ilisomwa. Kati ya barua kutoka kwa mtu wa mbali na mtu kutokwa damu mbele yako, watu wanaamini wanachokiona.

Mashine ilipopona nilikuwa wa kwanza kuomba ruhusa. Sikutaka kutuma barua wala salamu kwa kondakta wa basi. Nilikwenda mwenyewe kumchukua, na jina lake nililiandika kwa mkono wangu juu kabisa ya orodha. Nilishuka Ihanja mchana wa jua kali, upepo ule wa kwetu unavuma, alizeti changa bado hazijafika magotini. Uani kwake palikuwa kimya na pamefagiliwa. Nikapiga hodi. Hakuna jibu. Nikaita, "Mama Mkubwa." Kimya. Nikaita tena. Nilisimama pale mlangoni na moyo wangu ukawa kama uko kwenye ile korido, na kengele inalia.

Nikaingia. Alikuwa amelala kitandani anatazama mlango, na nilipotokea kwenye mwanga akatabasamu. Sikuhitaji daktari kuniambia. Miguu ilikuwa imevimba na uso umebaki mifupa, na ile harufu ya ugonjwa nilikuwa naijua kuliko harufu ya chakula. Safari ya basi ingemwua kabla ya Manyoni. Nilipiga goti, nikamwamkia, akaitikia.

"Nilikusikia," akasema. "Nilikuwa nangoja uingie."

Basi nikalia. Nililia kama mtoto, na katika kulia kule nikamwambia yote, taa iliyokawia, daftari, kalamu mkononi, kwamba nilinyamaza ili asikatishe, na kwa kunyamaza kwangu ndipo alipokatishwa. Nikamwambia pia kwamba siku ile nilikuwa namwita kweli. Kwamba niliita mara tatu. Akanishika kichwa kama anavyoshika kuku anayempima uzito.

"Nilizisikia zote tatu," akasema. "Nilijua ni wewe. Nikadhani unanipima mbele ya wenzako, uone kama mama yako anashika neno. Nikasema sitamwaibisha mwanangu."

Akaongeza, akiwa amefumba macho, kwamba alijua pia nikiwa na haja naye kweli nitaingia. "Na uliingia," akasema. Kuhusu daftari hakusema kitu, siku ile wala baadaye. Sijui kama alinisamehe au hakuona kama kuna la kusamehe au hakulielewa. Nimejaribu kuamini moja kati ya hayo matatu na nimeshindwa.

Niliomba likizo nikakaa naye. Nilimwogesha, sikutazama ukuta. Nilikalia kigoda chake uani kila asubuhi, nikala sahani moja naye mlangoni ili wapita njia waone. Wiki ya pili jirani mmoja akaja na uji, akasita, kisha akakaa. Nilimwonyesha mikono yangu, nikamwambia mimi nimekaa na mashine hiyo miaka tisa na nimezaa watoto wawili. Siku iliyofuata walikuja wawili. Nilikuwa nawakasirikia na nawashukuru kwa wakati mmoja, na Mama Mkubwa, kutoka kitandani, aliniambia niache kuwakunjia uso wageni wake.

Nilirudi kazini nikawa mtu mwingine. Wanafunzi wananiita mkorofi, najua. Taa ikikawia hata kidogo nafunga mashine mwenyewe na kuandika, hata wangoje wangapi kwenye benchi, na nikitukanwa natukanwa. Na mgonjwa wangu, siku yake ya kwanza, kabla mashine haijawashwa, namlaza, natoka nje, nafunga mlango na kumwita kwa kipaza sauti ainuke atoke. Tunarudia mpaka anatoka bila kusita. Wengine wanacheka. Bibi mmoja aliniuliza kama kweli nimesoma. Namwambia kila mmoja kwamba sauti ile ni yangu, ikisema lala, alale, na ikisema toka, atoke, asiningoje.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mama Mkubwa alifariki asubuhi, jua limeshapanda, mlango uko wazi na wanawake wawili wako uani wanachambua mboga. Nilikuwa nimeshika mkono wake na macho yake yalikuwa yananitazama usoni. Nikamwita. Nikamwita tena, kwa Kinyaturu, jina la ukoo aliloniruhusu kulitumia tukiwa wawili tu. Nilikuwa nimesimama mbele yake, ananiona, si sauti ya ukutani, na nina haja naye kweli. Nikaita mara ya tatu, na hakuitika.